Riddley Walker: riwaya niliyoisoma kwa mdomo

Nilikinunua pauni mbili katika duka la mitumba hapa Canterbury, Uingereza. Kilikuwa kwenye boksi karibu na mlango, pembe za jalada zimekunjika, na aliyekuwa nacho mwanzo alikuwa amepiga mistari ya penseli na kuandika vijineno pembeni hadi ukurasa wa 11. Baada ya hapo, kweupe. Hakuna hata nukta. Nilipoanza kukisoma jioni ile nikaelewa kilichomsibu, maana na mimi nilikwama mapema vilevile. Nataka kueleza nilivyokwamuka, kwa sababu nimeona wengi wakikisifu kitabu hiki na wengi zaidi wakikiacha njiani, na sisi wasomaji wa Kiswahili tuna ufunguo wake mdomoni bila kujua.

Kinaitwa Riddley Walker. Mwandishi ni Russell Hoban, Mmarekani aliyehamia London mwaka 1969 akiwa anajulikana kwa vitabu vya watoto. Kilitoka mwaka 1980. Ni riwaya ya zile zinazoitwa za distopia, za dunia iliyokwenda kombo, na dunia yenyewe ni hapahapa Kent ninapoishi na kufanya kazi, zaidi ya miaka elfu mbili baada ya vita vya nyuklia. Watu wamerudi kwenye mikuki na pinde. Wanaishi ndani ya maboma kwa kuogopa makundi ya mbwa, na wanafukua vyuma vya kale matopeni ili waviyeyushe wapate zana. Msimulizi ni Riddley, kijana wa miaka 12, na anaandika Kiingereza kama anavyokisikia, kwa kuwa hakuna kamusi, hakuna shule, na lugha yenyewe imemomonyoka kama ukuta wa udongo uliopigwa na masika mengi.

Tatizo la kwanza ni hilo la maandishi, na ni zito. Neno la Kiingereza la "pengine", probably, yeye anaandika parbly. Molekuli zimekuwa many cools, yaani "baridi nyingi". Galaksi zimekuwa gallack seas, kana kwamba juu kule kuna bahari za mtu aitwaye Gallack. Haya si makosa ya kutawanyika hapa na pale. Kitabu kizima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kimeandikwa hivyo, na ndani yake kuna sura ya hadithi ya kale ambayo tahajia yake ni ngumu kuliko hiyo nyingine. Jioni ya kwanza nilisoma kurasa tatu kwa saa nzima. Macho yaliniuma, kila mstari nikawa naurudia mara tatu, nikakiweka.

Usiku uleule nilikuwa jikoni nasubiri maji ya chai yachemke, nikausoma mstari mmoja kwa sauti. Nikausikia. Sauti ilitangulia, maana ikafuata, kama vile mtu anapobisha hodi gizani ukamjua kabla hujaona uso.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nakisoma kwa njia ya Waingereza. Wao husoma kwa macho. Tahajia yao haiaminiki, kwa hiyo wanalijua neno kwa sura yake, kama unavyomjua jirani kwa mwendo. Riddley amelivua neno sura. Ukilitafuta kwa sura utalipoteza. Mimi nilifundishwa kusoma Kisarawe, darasa la kwanza, ba be bi bo bu, darasa zima kwa pamoja hadi majirani wanasikia. Kwetu herufi ni sauti na sauti ni herufi. Niliposema "wacha nisome hiki kama Kiswahili", kila herufi nikiipa haki yake, nusu ya ugumu iliondoka usiku ule. Nusu ya pili ilihitaji mtu mwingine.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Katika nyumba ninayofanyia kazi yupo mzee mmoja aliyezaliwa mkoa huuhuu, macho yake yamefifia, na ujana wake wote aliutumia chini ya ardhi akichimba makaa ya mawe. Sikuwahi kujua kwamba Kent ilikuwa na migodi ya makaa ya mawe mpaka nilipokutana naye. Wa mwisho ulifungwa mwaka 1989. Mzee huyu hapendi televisheni, na alikuwa ameniona na kitabu wakati wa mapumziko yangu. Akaniomba nimsomee. Nikamwambia ni kitabu kigumu, hata wenyeji kinawashinda. Akasema, "Soma tu, bibie, nina muda."

Basi nikasoma. Lafudhi yangu ni ya Pwani, inaijaza kila irabu, na Kiingereza cha Riddley kikaingia ndani yake kama mkono kwenye glavu. Mzee alikuwa amefumba macho. Nilipofika kwenye parbly akafumbua. "Huyo ni bibi yangu," akasema. "Bibi yangu alitamka hivyohivyo. Hapo hakuna aliyeharibu kitu." Tangu siku hiyo tukawa na nusu saa yetu jioni baada ya chai, siku nilizokuwa zamu. Mimi nilikuwa mdomo, yeye sikio. Nilipotamka kitu kisichoeleweka kwangu, yeye aligeuza kichwa kidogo, akakirudia polepole, na mara nyingi akakijua. Zile bahari za Gallack alizikamata yeye. Mimi ningepita nikidhani ni jina la mahali.

Hadithi inaanza siku Riddley anapotimiza miaka 12. Siku hiyo anatangulizwa mbele na mkuki na kumuua nguruwe mwitu ambaye huenda ndiye wa mwisho katika vilima vile. Siku chache baadaye baba yake anakufa kwenye machimbo. Walikuwa wanatoa topeni mtambo mkubwa wa chuma wa zama zetu sisi, mtambo ambao hakuna anayejua ulifanya kazi gani, ukaponyoka ukamwangukia. Kipande hicho ni kifupi sana. Hoban hakilii wala hakikuzi. Nilipomaliza kukisoma, mzee alikuwa kimya muda mrefu, nikadhani amesinzia. Kisha akauliza swali ambalo ni mtu wa mgodini tu angeliuliza: "Kamba alishika nani?" Nikarudi nyuma nikamsomea tena, polepole, na safari hii alikuwa ameshika ukingo wa blanketi.

Baba anakufa, kazi yake inamwangukia mwana. Na kazi yenyewe ni ya ajabu. Serikali ya nchi hiyo, ikiwa twaweza kuiita serikali, ni watu wawili, Goodparley na Orfing, wanaozunguka boma kwa boma na vikaragosi. Wanaonyesha mchezo uleule wa mtu aitwaye Eusa, ambaye kwa kutaka werevu aliipasua dunia. Wakishamaliza, yupo mtu wa boma ambaye kazi yake ni kusimama na kuwaambia wenzake mchezo ule ulimaanisha nini. Ndiyo kazi ya Riddley. Siku yake ya kwanza anasimama mbele ya watu, na maneno hayaji. Nimeona makhatibu na wahubiri wengi maishani, na nimewahi kuona kijana akisimamishwa kumrithi baba yake kwenye mimbari, akameza mate tu. Hoban ameipata hiyo hali barabara.

Mambo yanageuka pale Riddley, akifukua matopeni, anapogusa kitu laini kidogo. Ni kikaragosi kilichooza, cheusi, chenye kibyongo na pua kubwa. Ndani yake umo bado mkono wa mtu aliyekuwa akikichezesha. Nilisoma aya hiyo mara mbili nikiwa peke yangu kabla ya kumpelekea mzee. Mtu alikufa, miaka ikapita hata ikakosa hesabu, na mkono haukutoka kwenye kazi yake. Riddley anaamriwa akisalimishe. Anakataa, anamsukuma mkubwa wake topeni, anaruka uzio na kwenda kwa mbwa. Na mbwa, ambao hula watu, wanampokea. Kuanzia hapo riwaya inakimbia.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonishika mimi binafsi. Baba yangu alikuwa mchoma mkaa. Nililala mara nyingi kando ya tanuri lake porini, mimi na kaka yangu, zamu kwa zamu, tukiangalia moshi. Moshi mweupe mzito ni wa maji yanayotoka kwenye magogo, acha. Ukianza kuwa wa bluu mwembamba, kazi iko karibu kuiva. Udongo ukipasuka mahali, lazima uzibe upesi kwa majani mabichi na udongo, la sivyo hewa inaingia, na asubuhi badala ya magunia kumi na mbili unazoa majivu. Ni kazi ya kudharauliwa. Baba aliuza kwa watu waliokuwa wakifunika pua wakimkaribia. Katika kitabu hiki wachoma mkaa ni watu wa kuogopwa na kuheshimiwa. Wanakaa pembeni, msituni, na wamebeba kipande kimoja cha siri ambayo kila mtu anaitafuta.

Siri yenyewe ni baruti. Watu wa dunia hiyo wanajua kwamba wa kale walikuwa na nguvu kubwa, "Kile Kikubwa", kilichoiunguza dunia. Wanajua pia, kwa tetesi, kwamba kipo "Kile Kidogo", na Goodparley anakitaka kwa udi na uvumba. Kinatengenezwa kwa vitu vitatu, na kila kundi la watu lina kimoja bila kujua vingine. Mkaa tunaujua. Wa pili ni jiwe la manjano linalosafirishwa kwa siri, na mtu yeyote wa Pwani akisikia maelezo yake atalitambua mara moja: ni kibiriti upele, ile inayouzwa kwa vipimo vidogo kwa dawa ya ngozi. Wa tatu ni shura, ambayo jina lake la Kiingereza limegeuka kuwa majina ya watu wawili, Saul na Peter. Nilipofika hapo nilikaa na kitabu mapajani. Baba yangu aliishi na kimoja kati ya vitatu hivyo maisha yake yote. Kilipika chai ya watu Dar es Salaam. Hoban amenionyesha kitu hichohicho kikiwa mikononi mwa mtu mwenye njaa ya madaraka, bila kumtukana mchomaji hata kwa neno moja.

Wapo wanaosema kitabu hiki ni mchezo wa maneno tu. Nakataa. Maneno humu yameharibika mahali ambapo watu waliharibikiwa. Chukua mfano wa atomu. Katika hadithi ya Eusa, atomu ni mtu mdogo anayeng'aa, anaitwa Addom, na Eusa anamkamata mikono miwili na kumvuta hadi anapasuka vipande viwili. Kwa Kiingereza hapo kuna Adamu na atomu ndani ya neno moja. Kwa Kiswahili sihitaji hata kuligeuza: Adamu, atomu, sauti mbili tu zimebadilika. Na sisi tumejiita binadamu. Niliposoma Eusa anavyompasua yule mtu mdogo nilimwona mzazi wetu sote akivutwa mikono, na sikuweza kuendelea usiku ule. Mwingereza analazimika kulifikiria fumbo hilo. Mimi lilinijia likiwa limeshafumbuliwa.

Mfano wa pili ndio sehemu bora ya kitabu kizima kwa maoni yangu. Goodparley anayo karatasi moja ya zama zetu iliyosalia, na anaiamini kama msahafu. Ni maelezo ya kawaida kabisa, yale wanayobandikiwa wageni kanisani wajue picha iliyo ukutani ni ya nini. Picha ni ya Mtakatifu Eustace. Goodparley anaisoma neno kwa neno na kuitafsiri. Herufi mbili za ufupisho wa "mtakatifu" anasema ni ufupisho wa "ametumwa". Kwa hiyo Eustace hakuja hivihivi, alitumwa. Mzee wangu alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu kichwani neno lilishajigeuza: aliyetumwa ni mtume. Goodparley amekosea njia akafika mlango wa jirani. Anaendelea hivyo hadi mwisho wa karatasi, vijiji vidogo vinakuwa vijinguruwe, rangi na msitu vinakuwa viambato vya kuchanganya, na anatoka na mapishi ya silaha kutoka kwenye habari za mtakatifu. Anafanya hivyo kwa unyoofu, kwa bidii, jasho likimtoka. Mtu mwenye uchu wa nguvu akipewa maandishi yoyote atasoma nguvu.

Picha hiyo ipo kweli. Iko katika kanisa kuu la hapa Canterbury, ukutani upande wa kaskazini wa kwaya, ni ya karne ya 15, na Hoban aliiona tarehe 14 Machi 1974. Ndipo kitabu kilipoanzia, na alikiandika kwa zaidi ya miaka mitano. Nilikwenda kuitazama Jumatano moja nikitoka zamu ya usiku. Imefifia mno. Chini kuna mwindaji na paa dume mwenye msalaba kati ya pembe, juu zaidi mto, na yule mtu amesimama katikati ya maji, watoto wake wamechukuliwa na wanyama, mmoja ng'ambo hii, mmoja ng'ambo ile, na hawezi kufika kokote. Upande wa pili kuna nakala iliyochorwa upya, rangi zote zimerudi. Nilisimama nikigeuka huku na huku. Ile iliyofifia ndiyo iliyonifanya nikae.

Kwa anayeishi Kent kuna raha ya ziada, ya majina. Mbele kuna ramani iliyochorwa kwa mkono, na ni basi ninalopanda. Nikiyageuza kwa Kiswahili, Whitstable imekuwa Kengele ya Mjane. Faversham imekuwa Paja la Nguruwe la Baba. Sandwich ni Mwasho wa Sam, Dover ni Fanya Tena, na Ashford, ninakobadilishia treni, ni Kalio Lililoungua. Watoto wanayaimba kwenye mchezo wa kuzunguka duara bila kujua kwamba wanaimba orodha ya miji iliyoteketea. Ndani ya basi nikisikia vituo vinatangazwa siku hizi, nasikia majina yote mawili.

Nilijaribu kuutafsiri ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, na jaribio hilo lilinifundisha juu ya lugha yetu kuliko juu ya kitabu. Niliandika: "Siku yajina langu nlipo timiza 12 nika tangulia namkuki." Nikautazama. Haujavunjika. Umekatwa vibaya tu, lakini ukiusoma kwa sauti ni Kiswahili safi. Kiswahili hakivunjiki kwenye tahajia, kwa sababu tahajia haikuficha kitu. Nikajiuliza, basi sisi tungevunjikia wapi? Jibu lilikuwa sebuleni kwangu. Mwanangu ana miaka 12, sawa na Riddley, amezaliwa hapa, na wiki hiyohiyo alimwandikia bibi yake Kisarawe: "shkamu bibi. skul ime funga. kitabu yangu imepotea lakini mama ata nunua ingine." Shikamoo imeliwa, hilo si kitu. Ni ile "kitabu yangu imepotea". Kwetu ukuta ni ngeli. Ki na vi zikianguka, m na wa zikianguka, hapo ndipo Riddley wetu atakaposimama. Bibi yake alisomewa ujumbe ule na jirani kwa sauti, akauelewa wote, akaomba usomwe tena. Siku hizi kila Jumapili mwanangu anamsomea bibi ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa simu, na bibi hamkatizi hadi amalize.

Kitabu kina kasoro, na sitazificha. Goodparley ni mhusika mkubwa lakini anaongea mno. Katikati kuna kurasa nyingi ambazo yeye anafafanua na Riddley anasikiliza, na mzee wangu alisinzia kweli mara mbili. Katika theluthi ya mwisho inakuwa kazi kufuatilia nani anamfukuza nani na kwa niaba ya nani. Niliandika majina kwenye karatasi nikaifanya alama ya ukurasa. Tena wanawake ni wachache mno. Yupo Lorna, mwanamke mzee wa boma mwenye ujuzi wa kutabiri na kusimulia, na maneno anayomwambia Riddley mwanzoni kuhusu kitu kinachoishi ndani yetu na kutuvaa kama nguo ni miongoni mwa maneno yenye kina kuliko yote kitabuni. Halafu anaachwa nyuma na hadithi inakwenda na wanaume. Nilimtafuta hadi mwisho. Na ukatili upo: watu wanatobolewa macho, vichwa vinatundikwa. Si kitabu cha kumpa mtoto wa umri wa msimulizi wake, na mwanangu nimemwambia asubiri.

Kwa yote hayo nakipa nyota nne na nusu kati ya tano, na nusu niliyobakiza ni ya Lorna.

Ukitaka kukinunua, tafuta toleo lenye nyongeza nyuma: neno la mwisho la mwandishi, maelezo na faharasa ya maneno. Yangu ni hiyo. Ila usianze na faharasa. Nilifanya hivyo siku ya pili, nikawa napekua nyuma kila mstari mpaka hadithi ikafa mikononi mwangu. Ifunge, soma sura tatu za kwanza kwa sauti, neno usiloelewa lipite, litarudi. Mengi hurudi. Katika neno lake la mwisho Hoban anasema tahajia ile inampunguza msomaji mwendo hadi alingane na mwendo wa Riddley wa kuelewa mambo, na anakiri kwamba yeye mwenyewe, baada ya miaka ile yote, aliharibika tahajia yake. Nami nakubaliana naye juu ya mwendo. Kurasa hazifiki 250 na zilinichukua wiki tisa. Ningekisoma haraka nisingeona kitu.

Ukiwa na mtu wa kumsomea, msomee. Awe mgonjwa, awe mtoto mkubwa, awe mwenzako mnayegawana zamu. Sikio la pili linakamata yanayoponyoka la kwanza.

Sisi tulimaliza mwezi uliopita, jioni ya mvua. Mzee alikaa kidogo, akaniuliza kama kuna kingine cha mtu huyuhuyu. Kabla sijajibu akasema hapana, rudi mwanzo, kwenye yule nguruwe. Kitabu sasa kinalala kwake, juu ya kabati dogo la kitanda, karibu na glasi ya maji na meno yake. Haoni herufi hata moja, lakini hataki kiondoke chumbani. Nimeagiza kingine cha mtumba kwa ajili ya nyumbani, pauni nne, kimefika jana, na hiki hakina mstari hata mmoja wa penseli.